Kuwasha na Kuzungusha: Historia ya Utata wa Istilahi Moja

Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, limekuwa na wajibu wa kusanifu istilahi. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza neno moja la gari la petroli, yaani kuwasha, na taabu ambayo utata wake waweza kumletea msafiri wa milima ya Upare.

Hapo zamani dereva aliizungusha injini kwa mkono, kwa hendeli. Ndipo cheche ya plagi ilipowasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Matendo yalikuwa mawili, na kila mtu aliyaona. Wahunzi wa ukoo wa Washana, waliosifika huko Ugweno kabla ya gari kujulikana, wangeielewa tofauti hiyo upesi: kuvukuta ni jambo moja, moto kuwaka ni jambo jingine. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering. Stata ilipoenea, na baadaye ufunguo mmoja ukafanya kazi zote mbili, neno kuwasha likameza kuzungusha.

Hasara yake ni hii. Gari lenye mgonjwa likikwama njiani kutoka Gonja, na fundi wa Same akaletewa habari kwamba "gari haliwaki", atapanda na betri au na koili? Ikiwa injini haizunguki, hitilafu hutafutwa kwanza katika betri, vichwa vyake na stata. Ikiwa yazunguka bila kuwaka, plagi hufunguliwa, hulazwa juu ya chuma cha injini ikiwa na waya wake, kisha injini huzungushwa. Cheche isipoonekana, huchunguzwa plagi yenyewe, nyaya, distributa na koili. Ikionekana vema, hutazamwa njia ya petroli.

Mahali penyewe pana maadui wawili. Ukungu wa Shengena huweza kulowesha kifuniko cha distributa hata umeme ukapotea. Vumbi la tambarare ya Mkomazi nalo huchafua pointi. Kinga ni kukausha kifuniko, kusafisha pointi na kurekebisha nafasi yake, na kubadili nyaya zilizopasuka kabla ya masika. Kuanzia miaka ya 1970 mfumo wa elektroniki ulizidi kuchukua mahali pa pointi. Lakini tofauti ya kuzunguka na kuwaka haikuondoka pamoja nazo.

Kwa hiyo twapendekeza kuzungusha kitumike kwa kazi ya stata, na kuwasha kwa kazi ya cheche peke yake. Maneno yote mawili ni yetu tangu zamani. Hatuna haja ya kukopa, ila kuyarudishia mipaka yake. Hapo dereva atasema, "Inazunguka, haiwaki," na fundi atajua la kuchukua kabla hajaanza kupanda mlima.