Nani alibomoa kuta za ofisi?

Haya wasomaji, leo siandiki kodi. Naandika kelele.

Ofisi yetu hapa Kinango ni chumba kimoja kirefu chini ya mabati, meza kumi na moja, ukuta hakuna. Mmoja yuko kwenye simu na mteja, wawili wabishana mpira, nje kuna bodaboda na kinu cha kusaga mahindi. Mimi nami niko ndani ya hesabu za chama cha akiba, ambapo desimali ikikaa vibaya ni pesa ya mtu. Ukilalamika waambiwa ndivyo ofisi za kisasa zilivyo. Basi tuufuate huo usasa tuone ulikotoka.

Mojawapo ya mizizi yake ni sabuni. Kampuni ya Larkin ya Buffalo, Marekani, iliuza sabuni kwa njia ya posta, na mwaka 1906 ilihamia jengo lililochorwa na Frank Lloyd Wright. Makarani waliketi kwa safu katika ukumbi mmoja mkubwa, kila mtu akionekana. Kazi yao ilikuwa barua na oda, karatasi ikipita meza hadi meza. Kwa kazi ile, ukumbi ulikuwa na maana.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaja ndugu wawili Wajerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle. Wao walizivunja zile safu, meza wakazipanga kufuata nani azungumza na nani. Lakini waliweka pia mazulia, mimea na viambaza vya kupunguza sauti. Mmarekani Robert Propst naye alibuni viambaza vya kuhamishika, vilivyoanza kuuzwa na Herman Miller mwaka 1968, ili mfanyakazi ajipangie nafasi yake. Makampuni yakavitumia kubana watu wengi mahali padogo, na Propst mwenyewe, kabla ya kufariki mwaka 2000, alilaani matokeo hayo.

Mwaona mtindo? Kila mara wazo huja na masharti yake. Sharti lenye gharama huachwa, ile sehemu ya bei rahisi ndiyo husafiri.

Kwetu Kenya wazo lilikuja na sababu nzuri. Machi 2010 iHub ilifunguliwa Nairobi, Barabara ya Ngong: ukumbi wa watu wa teknolojia kukutana na kufahamiana. Wa kukutana, jamani! Ukumbi wa kukutana na chumba cha kuandika programu ni vitu viwili.

Na hili lapimika. Kati ya 1984 na 1986 Tom DeMarco na Timothy Lister waliwashindanisha waandishi wa programu zaidi ya 600 kutoka makampuni 92. Katika robo iliyofanya vizuri zaidi, asilimia 57 walisema mahali pao pa kazi pana utulivu wa kutosha. Katika robo ya mwisho, asilimia 29. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha utafiti kuhusu makampuni mawili makubwa yaliyoondoa kuta. Mazungumzo ya ana kwa ana hayakuongezeka, yalipungua kwa karibu asilimia 70, na barua pepe zikazidi. Watu walijitenga na wenzao.

Hapa Kinango hatukuhitaji Harvard kutuambia. Tuna Kaya Mtswakara ya Waduruma, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Kaya ilikuwa na moro, mahali pa wazee kukutana na kuamua mambo. Kuizunguka kuna msitu wenye miiko: huingii ovyo, hukati mti, hufanyi fujo. Mazungumzo yana mahali pake, na utulivu una mahali pake, na kila mmoja ajua mpaka uko wapi.

Kwa hivyo simuombi meneja wangu anijengee jumba. Naomba mpaka. Saa mbili hadi saa tano asubuhi iwe kimya, na simu zipigiwe nje chini ya mwembe. Huo uwe moro wetu. Baada ya saa tano, Gor na Leopards ruksa.