Ng'ombe wa maskini na deni la jirani

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Siku hizi methali hii tunaitupa popote. Mtu kakosa kazi dakika ya mwisho, au gari limezimika siku ya harusi, basi huyo ni ng'ombe wa maskini. Tumesahau kwamba ilitoka zizini. Mwenye ng'ombe hamsini, wawili wakizaa madume hata hana habari. Mwenye mmoja anakesha bandani na taa ya kandili akisubiri kuona kitakachotoka.

Dan West hakuwahi kuisikia methali hiyo, lakini mpango aliouanzisha ulisimama juu ya jambo lile lile: ng'ombe wa maskini azae, azae jike, na jike huyo asibaki nyumbani.

West alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1893, akalelewa katika Church of the Brethren, kanisa dogo ambalo mafundisho yake yanakataa vita. Mwaka 1937, Wahispania walipokuwa wakiuana wenyewe kwa wenyewe, alikwenda huko kugawa misaada. Kazi yake ilikuwa maziwa ya unga, kikombe kwa kila mtoto. Maziwa hayakutosha. Yeye na wenzake ikawabidi waamue nani apewe na nani akose, na kesho yake waamue tena. Aliporudi nyumbani Indiana alikuwa na wazo ambalo mfugaji yeyote angeliona la kawaida, ila wagawa misaada hawakuwa wamelifikiria: kikombe kinaisha, ng'ombe anakamuliwa tena jioni.

Ilimchukua miaka minne kuwashawishi wakulima wenzake. Mwaka 1942 kamati ikaundwa na ng'ombe wakaanza kutolewa. Watatu wa kwanza walipewa majina ambayo msomaji wa Biblia atayatambua: Imani, Tumaini na Upendo. Lakini Ulaya ilikuwa inawaka moto na bahari haipitiki, hivyo shehena ya kwanza ikaelekea Puerto Rico. Mwaka 1944 mitamba 17 walipakiwa melini kwenye bandari ya Mobile, Alabama.

Angalia neno mtamba. Hakupeleka ng'ombe aliyekwisha kuzaa mara nne na kubakiza miaka michache ya maziwa. Alipeleka jike mchanga mwenye mimba. Familia ilikuwa inapokea wanyama wawili kwa kamba moja, na ndani ya mnyama wa pili ndimo lilimokuwa sharti lenyewe. Ndama jike wa kwanza hakuwa wa mpokeaji. Alikuwa wa familia nyingine yenye shida kama yake.

Vita vilipokwisha, mambo yakawa makubwa. UNRRA, shirika la misaada na ujenzi mpya lililoanzishwa na mataifa washirika, lilikuwa na meli na wanyama wa kupeleka Ulaya, lakini halikuwa na watu wa kuwahudumia baharini. Kanisa la West lilikuwa na watu. Wakaelewana: kanisa litafute wahudumu, na mitamba wa mradi wasafirishwe bure. Kati ya mwaka 1945 na 1947 wanaume karibu 7,000 walivuka Atlantiki, wakulima, wanafunzi na wachungaji wa makanisa, wengine wakiwa vijana ambao hawakuwahi kuiona bahari. Waliitwa wachunga ng'ombe wa baharini. Walibeba majani na ndoo za maji kwenye meli inayoyumba, walizoa samadi, na walizalisha ng'ombe ambao hawakusubiri nchi kavu. Waliposhuka Poland waliikuta miji ambayo imebaki vifusi. Wanyama wengi katika safari hizo walikuwa farasi wa kulimia, kwa sababu shamba lisilolimwa halina mkate. Mitamba wa West walikuwa sehemu ndogo tu, na hao walitolewa bure kwa waliokosa kabisa.

Mradi huo baadaye ukaitwa Heifer International, makao yake yakiwa Little Rock, Arkansas. West alifariki mwaka 1971. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, shirika likaanza kazi Tanzania.

Hapa ndipo hadithi inapopata jina lake la kweli. Wamarekani waliliita sharti lao kupitisha zawadi. Ni jina zuri, linafaa kwenye kadi za Krismasi. Watanzania walipoletewa utaratibu wa namna hiyo waliutazama wakasema kilichomo: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Zawadi haina marejesho, na hii inayo. Mimi nadhani jina letu ndilo lenye ukweli, na ndilo linaloeleza kwa nini mpango huu uliishi wakati miradi mingi ya misaada ilikufa siku gari la wafadhili lilipoondoka. Anayepewa zawadi hushukuru, na shukrani ina mwisho wake. Mwenye deni anaulizwa. Na anayeuliza si mzungu wa Arkansas, ni mama wa nyumba ya tatu ambaye amekwisha kujenga banda na kila Jumapili, mkitoka kanisani, anataka kujua ndama wake anaendeleaje.

Isitoshe, ng'ombe wa kukopeshana hakuletwa na meli. Kilimanjaro, wenye mifugo mingi walikuwa tangu zamani wakiwapa wengine ng'ombe wa kutunza kihambani. Mtunzaji alipata maziwa na samadi ya migomba, na mali ikabaki ya mwenyewe. Wamaasai wana osotua, neno linalotaja kitovu, yaani urafiki wa kuombana mifugo wakati wa dhiki. Rwanda ilikuwa na ubuhake: mtu alipewa ng'ombe na mkubwa, na yeye akawa wa mkubwa huyo, kwa kazi na kwa utii. Mwami Mutara Rudahigwa aliufuta ubuhake mwaka 1954.

Kwa hiyo ng'ombe ameweza siku zote kumwinua maskini, na pia kumfunga. Swali ni kamba inaelekea wapi. Katika ubuhake ilipanda juu, kwa bwana. Sharti la West liliielekeza pembeni, kwa mtu aliye sawa na wewe. Hakuna anayekuwa bwana wa mwingine, maana aliyekupa naye alipewa, na utakayempa naye atatoa. Sidhani kama West alikuwa na historia ya Rwanda kichwani. Alikuwa amechoka tu kumwona mtu mzima akishika foleni na kikombe.

Kwa Tanzania, ng'ombe wenyewe walipaswa kutoka mahali. Serikali ilikuwa na mashamba ya kuzalisha mitamba, kama Kitulo kule Makete, Sao Hill, Mabuki na Ngerengere. Miradi mingi ilichukua chotara, damu ya Friesian, Ayrshire au Jersey ikichanganywa na ya zebu wetu. Zebu akitunzwa vizuri atakupa lita moja au mbili kwa siku. Chotara anaweza kukupa nane au kumi. Tanga, mradi wa ng'ombe wa maziwa uliosaidiwa na Waholanzi ulianza mwaka 1985, wafugaji wakipelekwa Buhuri kujifunza kabla ya kukabidhiwa chochote. Mwaka 1993 vyama vyao viliunda ushirika wa mkoa, na miaka michache baadaye kikaja kiwanda cha Tanga Fresh. Paketi ya mtindi unayoinunua dukani Dar es Salaam ina ukoo unaofika hadi kwenye mitamba hao wa mkopo.

Utaratibu wenyewe hauna maajabu. Kwanza unajiunga na kikundi. Unahudhuria mafunzo, unajenga banda lenye sakafu na kihori, unapanda malisho, mabingobingo au gwatemala, na kamati inakuja kuyakagua. Ndipo ng'ombe anakuja na mkataba unatiwa saini. Siku ya kulipa, anayetoa hushika kamba, anayepokea huja kuichukua mkononi mwake mbele ya kikundi, bwana mifugo na mwenyekiti wa kijiji. Watu hupiga vigelegele. Anayetoa hucheka kuliko wote, na kwa nini asicheke? Leo amemaliza deni, na kuanzia kesho kila ndama ni wake.

Lakini methali haikukosea sana. Mtamba akifika na mimba, ndama atazaliwa baada ya miezi. Akiwa jike, analelewa hadi afae kukabidhiwa. Akiwa dume, unasubiri mzao mwingine, na hapo umeongeza mwaka na zaidi. Nusu ya ndama duniani ni madume, na hakuna mkataba unaoweza kubadili hilo. Kuna ndigana kali inayoletwa na kupe, ambayo inaweza kumlaza chotara wa thamani ndani ya siku chache huku zebu wa jirani akiendelea kula. Foleni ya wanaosubiri hurefuka, na minong'ono huanza: fulani ameficha ndama, fulani amemuuza mnadani.

Kuna pia swali la nani anafanya kazi. Ng'ombe wa ndani haendi malishoni, malisho ndiyo yanamfuata, kichwani mwa mtu. Anayekamuliwa anahitaji maji lita 60 au zaidi kwa siku. Hayo ni madumu matatu kwa ng'ombe peke yake, kabla hujapika, hujafua, hujaogesha watoto. Mikataba mingi iliandikwa kwa jina la mama, na hilo lilikuwa jambo jema. Dumu nalo likaandikwa kwa jina lake, ingawa halikutajwa kwenye karatasi. Katika nyanda za juu za Kenya wafugaji wanaujua mgawanyo mwingine: maziwa ya asubuhi yanakwenda chamani na pesa yake inaingia kwa baba mwisho wa mwezi, ya jioni yanauzwa kwa majirani na shilingi zake zinabaki kwenye fundo la khanga ya mama. Nyumba nyingi zimesomesha watoto kwa fundo hilo.

Kusomesha ndiko kulikomfanya mbuzi mmoja wa Uganda ajulikane duniani. Alifika Kisinga, magharibi mwa nchi hiyo, kwa familia ya Beatrice Biira, na maziwa yake yakalipa karo ya binti huyo. Hadithi yao ikawa kitabu cha watoto, Beatrice's Goat, kilichotoka mwaka 2001. Mwaka 2008 Beatrice akahitimu Connecticut College. Ni hadithi ya kweli na nzuri, ila mbuzi mmoja aliyefika Connecticut asitusahaulishe wengi waliofia zizini.

Mwaka 2006 Rwanda ikaichukua fikra hii na kuifanya sera ya taifa, Girinka, ng'ombe mmoja kwa kila familia maskini. Neno lenyewe ni dua ya zamani ya Kinyarwanda, la kumtakia mtu awe na ng'ombe. Ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani. Zaidi ya ng'ombe 350,000 wamekwisha kugawiwa. Hapakukosekana viongozi wa ngazi za chini waliojigawia ng'ombe hao, kwani kamba haiachi hivi hivi kutaka kupanda juu.

Katika miaka hii ya simu lilikuja pingamizi jingine: kwa nini ng'ombe, kwa nini si pesa? Mwaka 2011 watafiti walianza kupima huko Rarieda, Kenya, matokeo ya pesa ambazo shirika la GiveDirectly lilizituma kwa M-Pesa bila sharti lolote. Wengi walinunua mabati, na wengine wakanunua mifugo waliyoichagua wenyewe. Hoja hiyo ina nguvu. Mtu mzima anajua shida yake, na mwenye shamba kavu hahitaji chotara wa Friesian hata kama picha yake inapendeza kwenye kipeperushi. Kitu ambacho pesa ya simu haina ni yule mama wa nyumba ya tatu anayesubiri.

Basi wewe unayepanga kuchangia, wa Ramadhani na wa Krismasi, na nyinyi wa vikundi vya diaspora mnaokusanya kwa ajili ya kijiji cha nyumbani: kabla hamjanunua mtamba, ulizeni maji yanachotwa wapi, ni umbali gani, na nani atakayeyabeba.