Ukiwekwa karantini, kinachoulinda mshahara wako ni karatasi

Aprili 2020 nilikuwa karani wa stoo katika bohari moja hapa Mombasa. Mwenzangu niliyeshinda naye meza moja alipatikana na korona. Msimamizi akanipigia simu nikae nyumbani siku 14. Nikatii. Mwisho wa mwezi mshahara ulikuja umekatwa siku zote 14. Nilipouliza nikajibiwa, "Hukuwa mgonjwa na kazini hukuja." Sikuwa na la kujibu, kwani sikuwa na hata kipande cha karatasi.

Baadaye niliisoma Sheria ya Ajira ya 2007. Haya ndiyo niliyotamani ningeyajua mapema.

Siku zinazolipwa

Kifungu cha 30 kinasema aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo kwa mwajiri mmoja ana haki ya likizo ya ugonjwa kila mwaka: siku 7 kwa malipo kamili, kisha siku 7 kwa nusu malipo. Anayelipwa Sh600 kwa siku atapata Sh4,200, halafu Sh2,100. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mkataba wako au wa chama cha wafanyakazi unaweza kutoa siku zaidi.

Masharti ni mawili. Mjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo kwamba hutafika na sababu yake, kisha upeleke cheti cha daktari. Cheti cha msimamizi wa zahanati anayemwakilisha daktari pia kinakubalika.

Mzima aliyetengwa

Hapa ndipo nilipokwama. Kifungu hicho kinamtaja mgonjwa asiyeweza kufanya kazi. Mzima aliyekaa karibu na mgonjwa hakumtaja. Kwa hivyo ukiambiwa ujitenge, mwombe daktari au afisa wa afya ya umma barua yenye tarehe za kuanza na kumaliza. Aliyekuzuia akiwa ni mwajiri, mwombe aandike, hata kwa ujumbe wa simu, nawe ujibu kwamba uko tayari kufanya kazi. Ukiwa na ushahidi huo, itakuwa vigumu kuitwa mtoro. Mnaweza pia kukubaliana ufanyie kazi nyumbani, au utumie likizo yako ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi.

Vibarua

Usidanganywe kwamba kibarua hana haki. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, ajira yako hugeuka kuwa ya mwezi. Ukifika miezi miwili, unastahili haki kama wenzako. Weka rekodi ya siku zako na jumbe za M-Pesa za malipo.

Mwenye bodaboda, mvuvi na mama wa viazi karai hawana mwajiri wa kumdai. NSSF hailipi mshahara wa ugonjwa wa muda mfupi. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hugharimia matibabu, hairudishi kipato kilichopotea. Kwao, karantini bado ni njaa, na hilo wabunge wetu hawajalitibu.

Ukinyimwa

Andika barua kwa mwajiri na ubaki na nakala. Asipokusikiliza, nenda ofisi ya leba ya kaunti yako, na mwisho Mahakama ya Ajira na Leba. Kwenda likizo unayostahili si sababu halali ya kufutwa kazi. Lakini usilale: madai ya ajira yana muda wa miaka mitatu.

Mimi nililala. Niliogopa kupoteza kazi, nikanyamaza hadi muda ukapita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mshahara nao ni mali. Siku utakapoambiwa ukae nyumbani, kabla ya kufunga mlango, hakikisha una barua mkononi.