Kitufe cha Tab: mashine ilipojifunza kumalizia maneno yetu

Kama umewahi kutumia dirisha la amri kwenye Linux, mchezo huu unaujua. Unaandika herufi tatu, unabonyeza Tab, jina lote la faili linajitokeza. Unaendelea na kazi zako kama vile hakuna kilichotokea. Lakini hebu tujiulize: nani aliwaza kwamba kompyuta itumalizie maneno?

Turudi Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kompyuta moja ilihudumia watu wengi kwa pamoja, na kila mmoja alikaa mbele ya mashine ya kuchapa iliyounganishwa nayo. Teletype Model 33, iliyotumika sana wakati huo, ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo, amri ndefu ilikuwa adhabu.

Tatizo hili lilipata majibu mawili. Watu wa Bell Labs waliotengeneza Unix waliamua kukata majina: amri ya kunakili ikawa cp, ya kuhamisha mv, ya kufuta rm. Kuandika ni rahisi, ila mgeni lazima akariri. Mzigo wa kukumbuka ulibaki kichwani mwa mtu.

Jibu la pili lilitoka kampuni ya Bolt Beranek and Newman, Cambridge, Massachusetts. Huko Dan Murphy, Ray Tomlinson na wenzao walijenga TENEX, mfumo endeshi wa kompyuta ya PDP-10. Wao waliacha amri ziwe maneno kamili. Uliandika herufi chache, ukabonyeza kitufe cha Escape, na mfumo ukamalizia zilizobaki. TOPS-20, mrithi wa TENEX aliyetolewa na kampuni ya DEC mwaka 1976, ulienda mbali zaidi: ukikwama unabonyeza alama ya kuuliza, unaonyeshwa yote unayoweza kuandika mahali hapo. Sasa mzigo wa kukumbuka ukahamia kwa mashine.

Njia hizi mbili zilikutana mikononi mwa Ken Greer. Mwaka 1975, akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alianza kuandika programu ya kumalizia majina ya faili kwa mtindo wa TENEX. Mwaka 1981 aliiunganisha na csh, mojawapo ya programu zinazopokea amri kwenye Unix. Ndipo ikapatikana tcsh, na ile t ya mwanzo ni kumbukumbu ya TENEX. Mwaka 1989 Brian Fox alitoa Bash kwa ajili ya mradi wa GNU, na humo kazi ya kumalizia ikawa ya Tab. Baadaye Linux nyingi zikaichukua Bash, ndiyo maana leo vidole vyetu vinakimbilia kitufe hicho.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Kumalizia neno siyo kazi. Kazi ni kujua uishie wapi. Tuseme una faili mbili, ripoti_ya_mwanzo na ripoti_ya_mwisho. Unaandika "rip" halafu Tab. Bash inaandika "ripoti_ya_mw", kisha inasimama. Mpaka hapo ina uhakika, kwa sababu majina yote mawili yanafanana. Mbele ya hapo ingekuwa inabahatisha, kwa hiyo inakuachia wewe. Ukibonyeza tena mara mbili, inakuonyesha majina yote mawili uchague.

Unaweza kuona ni jambo dogo. Lakini fikiria kama mbele ya jina hilo umeandika rm. Kompyuta ikikubahatishia, ripoti yako ya mwisho imekwenda, na rm haina pipa la taka la kuokotea. Linganisha na simu yako: unaandika Kiswahili safi, yenyewe inakugeuzia neno kuwa Kiingereza bila kukuuliza, na ujumbe umeshaondoka. Kwenye simu utacheka na kuomba radhi. Kwenye dirisha la amri unaweza kupoteza kazi ya miezi.

Kwa hiyo ukijenga programu yako ya amri, mpe mtumiaji Tab, ila kumbuka somo hili: malizia kile unachokijua, orodhesha kile unachokishuku, na uamuzi mwachie aliyeshika kibodi.