Skwea na mraba

Katika karakana za mageti huko Changamwe, fundi akimwambia kijana wake "nipe skwea", anataka chombo. Akisema "hapa bado hapajakaa skwea", anaihukumu kazi. Neno moja linabeba yote mawili. Mraba hauwezi hivyo: mraba ni umbo, nao umetoka kwenye Kiarabu, mzizi uleule wa nne uliotuzalia robo na arobaini. Kwa hiyo sioni sababu ya kumkosoa fundi.

Kazi ya kutafuta jina ipo kwenye ile skwea ya vichwa, aliyoibuni Laroy Starrett wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1870. Ni rula ya chuma yenye mfereji katikati, na kichwa kinachoteleza juu yake mpaka ukikaze kwa nati. Upande mmoja hutoa digrii 90, mwingine 45. Kichwa cha pili hutafuta kitovu cha bomba. Ningependa tuiite skwea ya kuteleza, maana huko kuteleza ndiko kunakoifaa, na ndiko kunakoiponza ikichakaa.

Dukani, nzuri na mbovu hufanana. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa bati, chora mstari kwa sindano ya chuma, igeuze, chora tena palepale. Mistari ikiwa mmoja, iamini. Ikiachana unywele, kosa ni nusu ya mwachano huo, na geti la mita 2 litalitangaza.

"Hii imelala, sheikh," fundi mmoja aliniambia akinirudishia yangu. Imelala! Neno hilo nimelitia daftarini siku ileile.