Lango la Jenerali Munro: huruma au danganya toto?

Mitihani iko mlangoni na usingizi hakuna, ila kuna mada ya semina imenikaa kichwani, nikaona niwamegee.

Kaskazini mwa Scotland, karibu na mji wa Alness, kuna kilima kinaitwa Fyrish, zaidi ya mita 450 kwenda juu. Kileleni limesimama lango kubwa la mawe. Ukilipita huingii popote: si nyumba, si kanisa, si boma. Upepo tu, na maji ya Cromarty kule chini.

Mwenyewe alikuwa Sir Hector Munro, jenerali na mwenye ardhi ya Novar. Jina lake lilikuzwa na India. Mwaka 1764 alizima uasi wa askari wa Kihindi kwa kuwafunga 24 kwenye midomo ya mizinga na kuwalipua. Mwaka 1781 akauteka mji wa Negapatam kutoka kwa Waholanzi. Lango la Fyrish, linalotajwa kuwa la 1782, liliiga lango la mji huo.

Sasa sikieni hadithi ya wenyeji. Kipindi kile wenye ardhi walikuwa wameanza kuwaondoa wakulima ili wafuge kondoo. Inasemekana Munro alijenga ili watu wapate kibarua, na usiku aliyabingirisha mawe mpaka chini ili kesho wayapandishe tena, walipwe tena. Wengi wanaisimulia kama mfano wa huruma.

Jamani, huruma gani hiyo? Kama hela ya kulipa ilikuwepo, si wangejengewa hata daraja, wajukuu wakafaidi? Halafu watu hawa shida yao haikuwa kibarua, ilikuwa ardhi. Wenyewe walisema kwa vitendo: mwaka 1792 wakulima wa Ross-shire walikusanya maelfu ya kondoo wakaanza kuwaswaga nje ya wilaya. Wakaletewa wanajeshi. Kondoo wakabaki, watu wakazidi kuondolewa.

Simlaumu aliyebeba yale mawe, mwenye njaa hana miiko. Ule ujira ulilisha watoto. Lakini ujira wa siku huisha siku hiyohiyo, shamba hulisha miaka. Ndiyo maana mimi naliona lile lango kama risiti: inaonyesha walicholipwa, haionyeshi walichonyang'anywa.

Nyie mnaonaje?