Maputo Mawili Katika Mawingu ya Zuhura

Kwetu Likasi hakuna haja ya kueleza asidi ni kitu gani. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba katika mawe kwa asidi ya kiberiti, na wafanyakazi wake wanajua jinsi inavyotoboa nguo na kuunguza ngozi. Basi, ile nyota ya asubuhi, yaani Zuhura, si nyota kweli. Ni sayari, tena imefunikwa pande zote na mawingu ya asidi hiyo hiyo.

Zamani wengi walidhani kwamba chini ya mawingu hayo kuna misitu na mabwawa. Tarehe 15 Desemba 1970 chombo cha Warusi, Venera 7, kilitua huko, kikaleta habari dakika 23 tu, kikanyamaza. Kule chini joto ni kama digrii 460: risasi ingeyeyuka. Lakini kwenye kimo cha kilomita 54 joto ni digrii 30 hivi, kama mchana wa Oktoba kwetu kabla ya mvua. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1967, Wamarekani Harold Morowitz na Carl Sagan walikwisha kuuliza kama viumbe vidogo haviwezi kuelea humo.

Nani atakaa mawinguni bila puto? Mfaransa Jacques Blamont ndiye aliyetoa shauri hilo, na Warusi wakalitimiza. Mwezi wa Juni 1985, tarehe 11 na tarehe 15, vyombo Vega 1 na Vega 2 viliangusha kila kimoja puto lake. Lilikuwa na upana wa mita tatu na nusu, limejaa gesi ya heli, na kitambaa chake kilipakwa tefloni, ile ile ya makarai yasiyoshika chakula, ili asidi isikile. Chini yake, kwa kamba ya mita 13, vilining'inia vipimo vya kilo 7. Upepo uliyachukua kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa. Puto la pili lilipopita juu ya milima ya Aphrodite, hewa ililitikisa vibaya. Baada ya saa 46 hivi betri zikaisha. Kila moja lilikuwa limekwenda zaidi ya kilomita 11,000.

Kumbe hayakutafuta uhai! Yalipima joto, uzito wa hewa, upepo na mwanga.

Mwezi wa Septemba 2020 Jane Greaves na wenzake walitangaza kwamba wameona humo dalili za fosfini, gesi ambayo hapa duniani hutoka pengine kwa vijidudu. Wengine walikataa, na ubishi haujaisha. Sisi tunajua kwamba katika maji makali ya migodi vijidudu huishi kweli. Ila hayo ni maji yenye asidi. Mawingu ya Zuhura ni asidi yenye maji kidogo mno. Mwaka 2021 John Hallsworth wa Belfast alionyesha kwamba maji hayo hayafikii hata sehemu moja ya mia ya yale ambayo kijidudu kivumilivu kuliko vyote hapa duniani kinayahitaji. Hiyo ni hesabu ya mezani. Tangu mwaka 1985 halijapelekwa puto jingine kuonja mawingu yenyewe.